Sura ya Saba: Hati ya Saa Nane Usiku

"Mwambie akubali tu kwamba alilala," alisema Afande Anthony, mkuu wa upelelezi wa wilaya, huku akipapasa meza kutafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. "Kulala ni uzembe. Atafukuzwa kazi, atarudi kwao Farkwa akalime uwele, yataisha. Asipokubali, keshokutwa namfikisha mahakamani kwa wizi. Mimi nifanye nini zaidi?"

Sajenti Sidonia Chedego alikuwa amekwisha kumwambia yule mzee wa mahabusu maneno hayohayo mara nne. Alikuwa ameegemea kabati la majalada, kwa sababu viti viwili vya ofisi vilikuwa vimeazimwa na watu wa mapokezi tangu Pasaka na havikurudi. Miguu ilikuwa inamuuma. Alitaka kesho, sikukuu ya Sabasaba, alale mpaka jua limchome kupitia dirishani.

"Nimemwambia, afande. Anasema hakulala, na anasema hakuja mtu."

"Basi maboksi arobaini ya chanjo yalitembea yenyewe."

Jalada lilikuwa jembamba. Bohari ya Nyika, duka kubwa la dawa za mifugo kule Miyuji, lilikuwa limepewa kwa amana chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, mali ya mradi wa wafugaji. Alhamisi tarehe ishirini na tano Juni, maboksi arobaini yalikutwa hayapo kwenye chumba baridi. Mlango haukuvunjwa. Kilichopatikana ni hati ya kutolea mzigo, imechapwa na kompyuta ya bohari, na pembeni yake kompyuta imeandika tarehe na saa: 02:14. Saa nane na dakika kumi na nne usiku. Na usiku ndani ya uzio wa bohari hukaa mtu mmoja tu, mlinzi Sila, mzee wa miaka sitini na ushee, mwenye rungu na tochi. Siku ya kumi na moja sasa alikuwa mahabusu.

"Afande, hiyo kompyuta kuna mtu aliyeikagua?"

"Kukagua nini? Mashine haina mjomba wala shangazi. Haina sababu ya kusema uongo." Anthony aliipata miwani, akaivaa. "Unao muda mpaka saa kumi jioni. Nataka maelezo yake yamesainiwa, nifunge ofisi."

*

Njiani kwenda Miyuji alimpitia Yotham, fundi wa redio pale karibu na stendi, ambaye miaka miwili hii alikuwa ameongeza neno "kompyuta" kwenye kibao chake. Yotham alikuwa na mdomo kuliko wateja. Alikubali kwenda kwa sharti kwamba arudishwe kabla ya mchana, maana usiku kulikuwa na mechi za Kombe la Dunia zilizobaki na televisheni saba za watu zilikuwa zimelala kwake zinasubiri.

Bohari ilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe tangu getini. Ndani waliwakuta Shamila, karani wa mauzo, na Harithi, mtunza stoo, kijana mwenye mabega ya kubebea magunia. Msimamizi, Mzee Mohamedi, alikuwa ametoka kidogo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa sanduku kubwa la kijivu chini ya meza, limefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Neno la siri la kuifungulia lilikuwa limebandikwa kwa selotepu ubavuni mwa kioo, kila mtu alione.

"Sasa hiyo siri ni ya nani?" aliuliza Yotham.

"Tulikuwa tunasahau," alisema Shamila bila aibu.

Sidonia aliuliza kama printa ilikuwa inaandika kila kinachofanyika, au hati peke yake.

"Kila kitu, afande. Inalia kutwa nzima kama cherehani. Polisi wenzako walichana ule ukurasa wenye hati wakaondoka nao."

"Na kurasa nyingine?"

Shamila alitazama chini. "Zipo. Zile ambazo hatujafungia maandazi."

Zilikuwa kwenye boksi, zimekunjwa mkunjo juu ya mkunjo, nyingine zina doa la mafuta. Kwa bahati, Alhamisi ile ilikuwa haijaliwa. Sidonia aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa akaanza kusoma, kidole mstari kwa mstari. Mashine kuwashwa, 02:03. Hati ya maboksi arobaini, 02:14. Kisha mauzo, mengi, moja baada ya jingine. Aliinua kichwa.

"Shamila, mama, usiku wa tarehe ishirini na tano, saa tisa na dakika kumi, ulikuwa wapi?"

"Saa tisa usiku? Nyumbani kwangu!"

"Na nani?"

"Afande! Mimi mke wa mtu. Unataka nikwambie na nani?"

"Hapa imeandikwa saa tisa na dakika kumi ulikuwa ofisini, unamuuzia Mama Witness wa Mkonze chupa sita za dawa ya kupe."

Harithi alicheka mpaka akashika mlango. Shamila hakucheka. Aliipokea karatasi, akaisoma, akairudia.

"Huyu mama alikuja asubuhi. Nilikuwa nimetoka posta, ndiyo kwanza nakaa. Tena alikuja na mtoto ana surua nikamwambia asinisogelee." Alimtazama Sidonia. "Afande, watu ishirini na sita hawa wote nimewahudumia mimi. Mchana kweupe. Mwenye akili atakuja kununua dawa ya kupe saa tisa usiku?"

Kwa siku kumi na moja hakuna aliyemuuliza. Sidonia hakujua amlaumu nani, akaacha. Alimgeukia Yotham, ambaye tayari alikuwa amelivua lile sanduku kitambaa chake na mfuniko wake na ameingiza mikono ndani kama mkunga.

"Dada, hii seva ni mgonjwa wa kusahau," alisema. Alionyesha kidude cha duara, kikubwa kama kifungo cha koti, kimeota ukungu wa kijani. "Hii ndiyo betri inayotunza saa wakati umeme haupo. Imekufa. Jioni mnazima?"

"Swichi kubwa ya ofisi hii," alisema Harithi. "Amri ya msimamizi. Anaogopa moto."

"Basi kila asubuhi inaamka haijui leo ni lini. Inamuuliza aliyeiwasha: tarehe? Saa? Ukiiambia ni Krismasi saa sita usiku, itaamini, itaandika hivyo kutwa nzima. Saa ya hapa ni neno la mtu."

Kwa hiyo swali halikuwa tena nani aliingia usiku. Swali lilikuwa nani aliiwasha Alhamisi asubuhi.

"Mimi siye," alisema Shamila. "Siku zote naiwasha mimi, lakini Alhamisi naanzia posta kuchukua barua. Nafika hapa saa tatu na nusu. Nilikuta imekwisha washwa. Nilijua ni Harithi."

"Na mimi nilijua ni wewe," alisema Harithi.

"Huwa unaiwasha?"

"Mara mojamoja, akichelewa."

Sidonia alitazama saa ya mkononi. Saa nne na robo. "Yotham, izime. Harithi, iwashe kama unavyoiwashaga."

Harithi aliinama, akabonyeza, akasubiri. Mashine ikauliza tarehe, akaandika. Ikauliza saa. Alitazama saa yake ya mkono, midomo ikichezacheza, kisha akachapa kwa kidole kimoja: 04:15.

"We!" alisema Shamila. "Ndiyo maana kila ukiiwasha wewe mahesabu yanakuja juu chini! Hiyo ni saa kumi usiku, bwana!"

"Saa nne na robo ni nne na kumi na tano. Nimekosea nini?"

"Saa za kompyuta ni za kizungu!"

"Mimi ni Mburunge, unataka niandike za kizungu kwa sababu gani?"

Yotham alicheka, na hata Sidonia midomo ilimcheza. Masaa sita. Saa mbili na ushee asubuhi imekuwa saa nane na ushee usiku. Ilikuwa rahisi hivyo, na aliyefanya alikuwa mbele yake, ana funguo za stoo na mabega ya kubebea maboksi arobaini. Angeweza kumfunga pingu, akawahi kurudi, akavua viatu. Harithi naye alielewa alipotazamwa.

"Afande, Mungu mmoja. Alhamisi ile sikugusa."

"Kila mtu hapa hakugusa."

Lakini alikuwa amefanya kazi hii miaka kumi na sita, na mwili uliochoka una mazoea yake hata kichwa kikikataa. Saa iliyoharibika haipimwi kwa kukisia. Inapimwa kwa kitu kingine ambacho saa yake inajulikana. Alirudi kwenye ndoo na kwenye karatasi. Mauzo ya Shamila yaliendelea mpaka 04:29, na hapo mstari ulikuwa umekatika katikati ya jina la mteja. Chini yake, nafasi. Kisha 14:20, mauzo mapya.

"Hapa palitokea nini?"

"Umeme ulikatwa," alisema Shamila. "Walikuwa wanabadilisha nguzo. Ulirudi mchana, nikaiwasha mwenyewe, nikaweka saa sawasawa."

Sidonia aliomba simu ya mezani, akapiga ofisi ya umeme. Alizungushwa kwa watu watatu, wa tatu akamjua dada yake, wakaulizana hali, ndipo kitabu kikafunguliwa. Laini ya Miyuji, tarehe ishirini na tano: ilizimwa saa tano kamili asubuhi.

"Kamili?"

"Dada, tulitangaza kwa kipaza sauti. Fundi alikuwa juu ya nguzo anasubiri. Kamili ni kamili."

Aliweka simu chini, akaandika kwenye daftari. Saa tano kamili. Kama ni Harithi, mashine ingesema 05:00. Ilisema 04:29.

"Yotham, mashine inaweza kuchelewa nusu saa?"

"Ndani ya asubuhi moja? Dakika moja, labda, nayo kwa kuionea."

"Harithi, lete mkono." Saa ya Harithi ilikuwa sawa na yake, na sawa na redio ya Shamila iliyokuwa inasoma habari. Aliandika tena, akatoa, akapata jibu lilelile. Masaa sita na dakika thelathini na moja. Masaa sita aliyaelewa. Dakika thelathini na moja zilikuwa za nani?

"Kaa," alimwambia Harithi. "Usiende mbali."

"Niende wapi, afande?"

*

Mzee Mohamedi alirudi karibu na adhuhuri, kofia ya viua, kanzu imepigwa pasi, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mji mzima ulimjua. Ukoo wao ulikuwa Dodoma tangu siku za misafara ya pembe, na kila harusi ya maana ilianza kwa kumwomba yeye awe msemaji.

"Shikamoo, mzee," alisema Sidonia.

"Marahaba, mwanangu. Mmewekewa ndoo mkalie? Shamila, ndiyo heshima gani hii? Njoo ofisini kwangu, chai ipo."

Ofisini kulikuwa na kiti chenye mto, na Sidonia alikikalia kwa shukrani ambayo hakujaribu kuificha. Chai ilikuwa na iliki. Wakaongea habari za mji kwanza: nani amehama, nani ameoa wa pili. Kisha akamuuliza kuhusu Alhamisi ile, kwa sauti ya mtu anayejaza fomu.

"Nilifika saa nne," alisema Mohamedi. "Nilimpitia mgonjwa."

"Na kompyuta, huwa unaiwasha?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa kalamu, mwanangu. Hilo dude nalipita kwa mbali." Alitikisa kichwa. "Namhurumia mzee Sila. Lakini uzee ndivyo ulivyo, usingizi unamchukua mtu hana habari."

"Yeye anasema hakulala."

"Atasema nini?"

Msikitini wakaadhini. Mohamedi aliweka kikombe chini, akaingiza mkono ndani ya kanzu, akatoa saa ya mfukoni yenye mnyororo, akaifungua mfuniko ili kuhakikisha. Ukutani juu ya kichwa chake kulikuwa na saa ya matangazo ya dawa ya minyoo, nayo ilisema saa saba kasoro dakika ishirini. Sidonia alikuwa amechoka kiasi kwamba macho yake yalikuwa yanatua tu popote. Yalitua kwenye ile saa ya mfukoni. Mshale mfupi ulikuwa kwenye sita. Mrefu ulikuwa umeipita kumi na mbili kidogo, dakika sita hivi.

"Saa nzuri hiyo, mzee," alisema. "Lakini imeharibika."

"Haijaharibika!" Mohamedi alifurahi, alikuwa amegusiwa jambo alilolipenda. "Hii ni ya babu yangu mzaa baba. Wazee hawakufuata saa za wazungu. Jua likizama, magharibi, unaiweka kumi na mbili kamili, hapo ndipo siku mpya inaanza. Naiweka sawa kila Alhamisi jioni, kama alivyofanya yeye. Mshale ukiwa kwenye mbili, ni saa mbili. Huhesabu kitu."

"Kumbe. Na wengine mjini wanazo?"

"Walikuwa nazo. Wamekufa. Wanangu wenyewe wanavaa za plastiki. Dodoma nzima imebaki hii."

Sidonia alichukua daftari. Hakuharakisha; hakuwa na nguvu ya kuharakisha. "Na hapa kwetu jua linazama saa kumi na mbili na nusu, na dakika moja mbili juu yake. Si kumi na mbili kamili."

"Ndiyo. Kwa hiyo iko nyuma kidogo ya—"

Aliitazama saa iliyokuwa mkononi mwake.

"Nyuma nusu saa na ushee," alisema Sidonia. "Lingekuwa linazama kumi na mbili kamili, mzee, ningekuwa nimeshamkamata Harithi. Alhamisi ile mashine iliambiwa saa na mtu ambaye saa yake ilikuwa nyuma masaa sita na dakika thelathini na moja. Leo yako iko nyuma dakika thelathini na nne, kwa sababu tangu siku hiyo jua nalo limesogea, linachelewa kuzama. Mashine iliwashwa saa mbili na dakika thelathini na nne asubuhi. Hati ikatoka saa tatu kasoro robo. Alhamisi ni siku ya mnada wa ng'ombe, malori yanaingia na kutoka, nani angeshangaa maboksi arobaini yenye hati halali? Shamila yuko posta. Wewe unajua kila Alhamisi yuko posta."

Mohamedi aliifunga saa. Mfuniko ulitoa mlio mdogo. Nje Shamila alikuwa amekata maongezi yake, na kwa Shamila hilo lilikuwa jambo.

"Iliuliza," alisema hatimaye. "Imekaa tu pale inaniuliza saa ngapi, haiendi mbele mpaka ijibiwe. Nikaijibu."

"Chanjo iko wapi?"

"Ilivuka mpaka siku ya tatu."

"Na mzee Sila?"

"Sikumtaja mimi." Sauti ilikuwa ya chini, bado ina adabu. "Mwanangu, mimi sikusema usiku. Ninyi ndio mlikuja na karatasi yenu mkasema usiku. Mimi nilinyamaza tu."

Sidonia alifunga daftari. Aliwaita Harithi na Yotham wasimame mlangoni kama mashahidi, akaiomba ile saa, akaifunga kwenye bahasha, akaandika juu yake tarehe na jina. Mohamedi aliomba aswali kwanza. Akaruhusiwa. Walimsubiri wote wanne kwenye korido, na Yotham akasema polepole kwamba hakurudishwa kabla ya mchana.

*

Saa kumi kasoro, Sila alitolewa mahabusu akakalishwa kwenye benchi. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimemwota ovyo. Afande Anthony alikuwa amesoma taarifa ya Sidonia akiwa amesimama, akasema "lo", akaisoma tena, kisha akaingia ofisini kwake akafunga mlango, maana hakuna kifungu kinachoeleza mkubwa afanye uso gani.

"Mzee, umeachiwa," alisema Sidonia. "Tumempata aliyefanya. Ilikuwa asubuhi, wewe umeshatoka zamu. Hukuhusika."

Sila alisikiliza kwa makini, kama mtu anayetafsiri moyoni. "Nitoke sasa?"

"Sasa hivi. Kuna karatasi moja tu ya kuweka dole gumba."

"Niliambiwa karatasi ya kulala, nikakataa."

"Hii siyo ile."

"Isome."

Sidonia alikuwa ameichapa harakaharaka kwenye mashine ya mapokezi, kwa maneno yaleyale ambayo mkono wake ulikuwa umeyazoea kwa miaka kumi na sita. Aliisoma. Sila, mlinzi, mkazi wa Miyuji. Usiku wa kuamkia tarehe ishirini na tano. Alipofika mstari wa tano mzee aliinua mkono.

"Rudia hapo."

"'Mlinzi anadai kwamba usiku huo hakulala.'"

"Anadai," alisema Sila. "Hilo ni neno la mtu ambaye hamumwamini. Mimi huko kwetu tunasema vingine, lakini Kiswahili nimekaa nacho miaka arobaini, hilo nalijua. Toa."

"Mzee, ndivyo tunavyoandika. Kwa kila mtu."

"Siku kumi na moja mama, kila siku, wewe na yule mkubwa wako, sema ulilala, sema ulilala, utakwenda nyumbani. Ningesema, ningekwenda." Hakupandisha sauti. "Sasa mnaniambia niende, na karatasi bado inasema nadai. Mimi nilikuwa macho. Toa, au nirudishe ndani."

Askari wa mapokezi aliacha kuandika. Saa ya kufunga ilikuwa imefika, na karatasi ya kaboni ya mwisho ilikuwa ndani ya nakala ileile, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kuichapa upya leo.

Sidonia alivuta kalamu. Alikata maneno "anadai kwamba" kwa mstari mmoja ulionyooka, kwenye nakala ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila mahali alipokata akaweka sahihi yake pembeni, kama sheria inavyotaka afisa anapokiri kwamba aliandika kosa. Kisha akasoma upya kwa sauti, mapokezi yote yakisikia:

"'Mlinzi usiku huo hakulala.'"

Mzee Sila alitoa dole gumba, akalichovya kwenye wino, akalibandika.